Kabla ya Kuhamisha Kampuni, Pima Getini

Vipeperushi vya kuita wawekezaji husifu umeme wa uhakika, lami na intaneti ya kasi. Huenda ni kweli kwa eneo zima. Kampuni lakini huhamia kiwanja kimoja tu, na mara nyingi kilomita mbili za mwisho ndizo zinazomeza faida iliyokufanya uhame.

Anza na umeme. Jumlisha kilowati za mashine zitakazowaka kwa pamoja, kisha gawanya kwa pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo hufanya kazi kweli. Kilowati 200 kwa pawa fakta ya 0.8 ni kVA 250 (kVA ndicho kipimo cha ukubwa wa transfoma), na hapo hujaweka akiba ya kukua. Uliza transfoma iliyo karibu ina ukubwa gani na nani mwingine anaitumia; nyaya za fezi tatu kupita mbele ya geti si jibu. Halafu kuna mota. Ikiwashwa moja kwa moja, huvuta mkondo mara tano hadi nane ya kawaida yake kwa sekunde kadhaa. Laini ikiwa ndefu na nyembamba, volti huporomoka, kontakta (swichi ya umeme inayowasha mota) huachia, kompyuta huzima, na lawama zote huangukia mashine. Starta ya nyota-delta, inayoanzisha mota kwa volti pungufu kisha kuipa kamili, hushusha mkondo huo hadi theluthi, ila nguvu ya kuzungusha nayo hushuka vilevile, kwa hiyo haifai mota inayoanza ikiwa na mzigo mzito. Kabla ya kusaini chochote, funga kifaa cha kurekodi volti kwa siku saba mfululizo. Kipimo cha Jumapili peke yake kinadanganya, maana majirani wamefunga.

Kwenye intaneti, kosa la kawaida ni kulipia kampuni mbili ambazo faiba zao zimelala kwenye mtaro mmoja. Sururu moja inakata zote. Omba kuonyeshwa njia ya kila kebo, au laini ya pili iwe ya redio. Na ahadi ya asilimia 99 isikuleweshe: hiyo ni ruhusa ya kukatika saa 87 kwa mwaka. Kwa 99.9 inabaki karibu saa tisa.

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2 kabla hujahesabu kichwa cha lori, na lile refu la kwenda juu, likiwa juu ya trela, huzidi mita 4 kutoka ardhini. Kwa hiyo kagua kona, kalvati, nyaya zilizolegea na uzito ulioandikwa kwenye kila daraja, ikiwezekana msimu wa mvua. Maji yapime kwa saa ya matumizi makubwa, si alfajiri.

Msamaha wa kodi ya mapato huwavutia wengi kuliko unavyostahili. Kampuni iliyotoka kuhama aghalabu hupata hasara mwanzoni, na asiye na faida hana kodi ya kusamehewa. Muda wa msamaha unayoyoma tu. Bora upiganie nafuu inayoonekana tangu siku ya kwanza: ushuru wa forodha wa mashine, gharama ya kuunganisha umeme, pango. Uliza kama mashine zilizotumika zinakubalika, na kama utadaiwa kurudisha nafuu hizo usipofikisha idadi ya ajira uliyoahidi.

Faida ambayo tungeilipia hata bila msamaha wowote ni majirani wa fani yako. Palipo na karakana kumi za aina moja, fundi na beringi hupatikana mchana huohuo. Ukiwa peke yako, kila kipuri kidogo kinakuwa safari, na stoo yako lazima iwe kubwa maradufu.

Pango la zamani liache liende sambamba na jipya kwa miezi miwili walau. Misingi ya mashine nzito imwagwe mapema, kwa kuwa zege huhesabiwa kufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28. Ukifunga mashine inayotikisika siku ya kumi, bolti hulegea ndani ya zege na upimaji wote wa usawa unarudiwa.