Maswali yenu kuhusu milima: maji ya Makutupora, ng'ombe wa Kondoa na kokoto za Dodoma

Mbukwenyi, wasomaji. Tangu tugusie faida za milima na misitu yake, maswali mengi yamekuja kutoka Dodoma mjini, Kondoa na Mpwapwa. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Mnasema milima huleta mvua. Sisi Dodoma vilima vimetuzunguka kila upande, mbona tuna kiu? (Msomaji, Nkuhungu)

Milima huleta mvua kweli, ila huimwaga upande ule upepo unakotokea. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu. Ukifika Uluguru, Ukaguru na Rubeho hulazimika kupanda, hewa inapoa na mawingu yanashusha mzigo hukohuko. Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sisi tulio nyuma ya milima hiyo tunabaki na chini ya milimita 600 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Vilima vyetu vya mawe kama Mlimwa ni vifupi mno kuweza kutengeneza mvua.

Kazi yake ni nyingine, nayo ni kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mvua ikipiga mwamba, maji hayana pa kuingia, hutelemka. Yakikuta chini ya kilima pana nyasi, migunga na mchanga, hupunguza mwendo na kuzama. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambako visima vya Mzakwe hulisha mabomba yetu, hutegemea sana maji ya namna hiyo, yanayoshuka kwa makorongo ya msimu na kunywewa na mchanga. Watafiti walipitia vipimo vya kina cha maji ya bonde hilo vya miaka 55, na mwaka 2013 wakachapisha walichokiona: maji hayarudi kidogo kidogo kila mwaka. Hurudi kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa, na msimu uliojaza kuliko yote ni ule wa El Niño wa 1997/98.

Kwa hiyo jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 linakunywa kwa miaka mingi mvua ya misimu michache. Msimu wa namna hiyo ukikuta tumejenga hadi miguuni pa vilima na kumwaga zege kila mahali, maji yatapita yakienda zake, na hatuwezi kuyaita yarudi.

Shikamoo. Babu yangu wa Kondoa bado analalamika kwamba mwaka 1979 serikali ilifukuza ng'ombe wake. Kulikuwa na haja kweli? (Mjukuu, Dodoma Makulu)

Marahaba. Babu ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, ardhi ya Irangi, yaani vilima vya Kondoa, ilikuwa taabani. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Ukachimba matuta na kupanda miti, lakini mifugo ilikuwa bado inakwangua miteremko, na makorongo yakazidi kupanuka. Mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256 hivi.

Nyasi na vichaka vilirudi, tena kwa kiasi kikubwa vyenyewe. Mtu akisimama leo barabarani karibu na Kolo akatazama vilima vile vya kijani, anaona matunda ya uamuzi huo. Lakini kuna waliolipa. Familia zilikosa maziwa, shamba likakosa samadi, na mwenye kuoza kijana wake akahangaika na mahari. Ufugaji wa ng'ombe wachache bandani ulikuja kuruhusiwa baada ya miaka kama kumi. Maoni yangu ni kwamba mlima ulihitaji kupumzishwa, ila banda na majani ya kulisha vingetangulia, amri ya kuhamisha ikafuata. Anayepanga kufunga mlima wowote leo aanze kwa kuwauliza wazee kama babu yako.

Na Kondoa haikuwa peke yake. Mabwawa ya Hombolo na Ikowa yamepoteza sehemu kubwa ya kina chake kwa tope, na tope hilo ni udongo wa mashamba na miteremko ya juu.

Mimi napasua kokoto kilimani, nasomesha watoto watatu. Mkisema tuache vilima, mnataka tufe njaa? (Mama, Dodoma mjini)

Hapana, mama. Tangu serikali ianze kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba nyingi zimesimama kwa kokoto zilizopita mikononi mwa watu kama wewe. Ninachoomba ni sehemu ya chini ya kilima, pale penye vichaka na mchanga, iachwe, na kazi ifanyike kwenye eneo lililotengwa. Mkijiunga kikundi, ulizeni Tume ya Madini kuhusu leseni ndogo ya uchimbaji, maana hata mawe ya ujenzi yanahitaji leseni. Mwenye leseni hafukuzwi ovyo.

Na kifua chako, mama. Loweka jiwe kwa maji kabla ya kulipiga nyundo, na kaa upande ambao upepo unapeleka vumbi mbali nawe. Kitambaa cha puani peke yake hakizuii lile vumbi laini, na ndilo linaloharibu mapafu.

Maji ya chemchemi ya mlimani ni salama kunywa bila kuchemsha? (Mwalimu, Mpwapwa)

Chemsha, mwalimu. Msitu huchuja tope na kufanya chemchemi itoe maji hata kiangazi, lakini hauzuii kinyesi cha mbuzi anayekunywa hatua chache juu ya ndoo yako. Uweke uzio kuzunguka jicho la chemchemi, na mifugo itengewe birika lake chini.

Jirani zetu wa Singida na Manyara wana tatizo jingine: floraidi inayotoka kwenye miamba. Huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto, na ikizidi hupinda mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, huizidishia ukali kwa sababu maji yanapungua nayo inabaki. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ofisi ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, iliyo wilayani ndiyo ya kuuliza kuhusu kupima.

Mlima Hanang ulitulisha miaka yote, kisha ukaua ndugu zetu. Tuuamini tena? (Msomaji, Katesh)

Poleni sana. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Msitu hushika udongo wa juu, lakini mvua ikishazama hadi chini, mteremko mkali huweza kuachia hata ukiwa na miti. Mlima huo utaendelea kuwapa maji na udongo wenye rutuba. Kilicho mikononi mwetu ni mahali pa kulala: nyumba zisirudi kwenye mkondo ambao tope limeshapita. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto, na penye mlima mkali kama huo mimi ningekaa mbali zaidi.

Kupanda kilima kunashusha presha? (Mzee, Area C)

Kunasaidia, mzee wangu, kama kutembea kokote kwa kasi. Usiache dawa, na anza na njia ya mteremko mdogo.

Nina ekari moja ya uwele kwenye mteremko, haina mti hata mmoja. Nianze na nini? (Kijana, Chamwino)

Anza na visiki. Ukichunguza vizuri utakuta vichipukizi vinavyotoka kwenye mashina yaliyokatwa zamani. Mizizi yake bado hai na imeshafika chini, kwa hiyo hukua haraka kuliko mche wa kununua. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, mengine yapogoe kwa panga kali, kisha funga utepe wa nguo kuukuu kwenye yaliyobaki ili wachungaji na wakata kuni wajue yana mwenyewe. Rudia kupogoa kila yanapochipua upya.

Halafu chimba makinga maji, yaani matuta ya kukata mteremko, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Usikadirie usawa kwa macho. Tengeneza fremu A, yaani fito tatu zilizofungwa kwa umbo la herufi A na jiwe linaloning'inia kwa kamba kuonyesha usawa, upime hatua kwa hatua. Tuta likiinama kidogo tu, maji yote yatakusanyika upande mmoja na kulipasua. Juu ya tuta panda mkonge, maana ng'ombe hawaushughulikii sana.