Tumbo limevimba: anza na mapigo, siyo tumbo

Ukifika kwa mgonjwa aliyevimba tumbo, liache kwanza. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtu mzima, mapigo zaidi ya 100 kwa dakika, jasho la baridi, pumzi zaidi ya 20, au ukucha uliobonyezwa usiorudisha rangi ndani ya sekunde 2: huyo ni wa kukimbizwa, hata presha ikisoma 120. Kijana aliyepasuka bandama kwa ajali ya bodaboda anaweza kupoteza karibu theluthi ya damu ndipo presha ishuke, na tumbo humeza lita kadhaa kabla halijaonekana kujaa.

Kisha uliza: limeanza lini?

Kama ni saa chache, fikiria damu inayovuja ndani. Mwanamke wa umri wa kuzaa muulize hedhi ya mwisho, maana huenda ni mimba iliyotunga nje ya kizazi na kupasuka, lakini mama mkwe atoke nje kwanza, la sivyo hutapata jibu la kweli. Kama ni siku moja au mbili, choo na upepo vimekata na anatapika kijani, utumbo umeziba au umejisokota. Mzee ambaye hajakojoa tangu jana, uvimbe ukipanda kutoka chini hadi kitovuni, ni kibofu. Miezi, macho ya njano na miguu kuvimba ni maji: ini, moyo, figo, TB ya tumbo. Kwa waliokulia kwenye mifereji ya mpunga ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, usisahau kichocho. Akiongeza homa na maumivu, hayo maji yenyewe yameambukizwa, asisubiri kesho.

Sasa funua, kutoka chuchu hadi katikati ya mapaja. Kanga ikibaki kiunoni, ngiri iliyonasa kinenani hutaiona. Anza kubonyeza pasipouma, ukimtazama usoni. Likiwa gumu kama ubao, usirudie.

Asile, asinywe, hata chai. Dawa ya kumfanya aharishe marufuku. Mwenye maji tumboni mwinue nyuzi 30 hadi 45, maana akilala chali pumzi inabanwa. Mjamzito wa wiki 20 na zaidi alalie ubavu wa kushoto. Anayevuja damu apewe dripu ml 250 kwa awamu, mpaka mapigo ya mkononi yashikike tu. Ukimjaza, damu inachujuka na kuvuja upya. Mgonjwa wa ini aliyechanganyikiwa pima sukari.

Kabla ya kuondoka Marangu kwenda KCMC, hospitali ya rufaa mjini Moshi, piga simu: umri, uvimbe ulianza saa ngapi, mapigo, na alikula nini mara ya mwisho, saa ngapi. Hilo la mwisho mtu wa dawa ya usingizi ataliuliza kabla ya jina.