Mama mchungaji, ulibatizwa kwa imani yako mwenyewe

Dada zangu mlioolewa na wachungaji, na nyie mlioolewa na kijana wa kawaida halafu Mungu akamwita baadae, hii nawaandikia nyie. Swali ninaloulizwa sana ni kanisa linategemea nini kutoka kwangu? Watu wanataka orodha, ukae benchi la mbele, uongoze akina mama, uimbe, ufundishe watoto, upokee wageni. Mi huwa siianzii huko, naanzia kwenye ubatizo wako.

Sisi Wabaptisti hatubatizi watoto wachanga. Mtu anaamini kwanza, anakiri kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kanisa, ndo anazamishwa majini, hakuna anayeshuka majini kwa imani ya baba au mama au mume. Sasa kama hukuingia kwa imani ya mtu mwingine, kwanini leo uishi kwa imani ya mume wako? Hapa ndo wengi tunapokauka bila kujua. Mume anasoma Neno kila siku kwasababu ana mahubiri, anaomba na wagonjwa, anafunga, na wewe upo karibu na yote hayo mpaka unaona kama na wewe umeshiba, kumbe ulikuwa unanusa tu chakula cha mwingine.

Kwahiyo ninachokushauri kuliko vyote, uwe na muda wako na Biblia ambao haumwendei mtu yeyote. Usiwe wa kuandaa somo la akina mama wala wa shule ya Jumapili. Chukua kitabu kimoja, soma taratibu mpaka kiishe. Mimi Zaburi zimenibeba sana, hasa zile za kulia, ya 13, ya 42, na ile ya 88 ambayo inaisha gizani kabisa bila hata mstari mmoja wa kufariji. Mama mchungaji ana watu wachache mno wa kuwalilia, na Daudi na wana wa Kora, waliotajwa kwenye zaburi hizo, walimlilia Mungu waziwazi na bado yakaandikwa tuyasome.

Halafu kuna hizi meseji za "mama naomba umwambie mchungaji". Mwambie mtu kwa upendo kabisa, mpendwa mpigie mwenyewe atafurahi kukusikia. Usipofanya hivyo utageuka njia ya kupitishia kila neno, na siku neno likifika limepinda utaulizwa wewe. Na siri za watu anazoambiwa mume wako, usimchimbe. Mi sitaki hata kuzijua, nataka nikikutana na dada wa watu mlangoni nimkumbatie bila kujua kalia nini ofisini juzi.

Mkutano wa washirika nao una mtihani wake. Kwenye makanisa yetu mengi mchungaji hapangiwi kituo na mtu wa juu, washirika wenyewe ndo wanamwita kwa kura, na hao hao wanaweza kumwachisha. Na wewe ni mshirika, una kura kama wengine, itumie. Ila pakifikia posho ya mchungaji mi natoka nje kidogo, watu waongee kwa uhuru, na mimi nisirudi nyumbani na orodha ya nani alisema nini. Mume wako akisemwa mbele yako usisimame kumjibia, mdomo anao, na mashemasi wapo. Najua inavyouma. Kuna mtu alimsema mume wangu maneno makali sana kwenye mkutano, muda si mrefu mama wa huyo mtu akaugua, na ilibidi niende na akina mama wenzangu kumwona. Njiani niliomba, Bwana nipe neno moja tu jema la kumwambia huyu mama, na kwa kweli alinipa, tukakaa tukaongea na yule mama vizuri mpaka tukasahau muda.

Msikubali pia kubanwa kwenye mfano mmoja. Susannah, mke wa Charles Spurgeon, mhubiri wa Kibaptisti wa London, aliugua miaka mingi, kuna vipindi hata ibadani hakuweza kwenda kumsikia mumewe, lakini mwaka 1875 akiwa nyumbani akaanzisha mfuko wa kuwatumia vitabu wachungaji maskini na akaendelea nao mpaka uzeeni. Hakuongoza kwaya. Alifanya kile ambacho mwili wake uliruhusu.

Na kuna Dorothy, mke wa William Carey, mmisionari wa Kibaptisti kutoka Uingereza, huyu namuombolezea kila nikimkumbuka. Hakutaka kwenda India, mwishoni akakubali, wakasafiri 1793, mwaka uliofuata mtoto wao mdogo Peter akafa, na yeye akaugua akili mpaka alipofariki 1807. Sisi tunamsifu mumewe kwa umisheni na kutafsiri Biblia, ni sawa, alifanya kazi kubwa. Lakini mama mchungaji ambaye halali usiku, analia bila sababu, hataki kuona watu, huyo apelekwe kwa daktari na aombewe, vyote viwili, tena mapema. Usimwambie imani yake ni ndogo, tafadhali.

Rafiki je? Tafuta mmoja nje ya kanisa lenu, mke wa mchungaji mwenzako wa kanisa lingine ni bora zaidi maana hutamweleza mambo toka mwanzo. Mume ajue kwamba mnaongea. Mkutane muombe, na mkiomba msianze na kanisa, anzeni na nyie wenyewe.

La mwisho linahusu nyumba, na watu wanaona aibu kulitaja. Kama mnaishi nyumba ya kanisa, siku mume akiachia kazi au Mungu akimchukua, mtatakiwa kuhama, na nimeona wajane wakipewa muda mfupi sana. Kaeni wawili mpange akiba yenu hata kama ni ndogo, kisha mume aongee na mashemasi iandikwe mapema familia itabaki muda gani na kama kanisa linamwekea chochote cha uzeeni. Fanyeni hivyo sasa hivi wakati mnapendana na kanisa na hakuna mgogoro wowote.