Usinunue ruta kabla hujazunguka nyumba yako

Wiki mbili zilizopita shemeji yangu wa Tandahimba alinipigia simu. Nyumba imekwisha, wamehamia, mkewe anafundisha sekondari na anataka kuandaa masomo akiwa nyumbani, kijana wao mkubwa anatafuta chuo. Swali lake lilikuwa lile ninaloulizwa na kila mtu: "Shemeji, kampuni gani nzuri ya intaneti ya nyumbani?"

Nikamwambia kampuni tuiache kwanza. Nyumba yako inaona mnara wa nani?

Huku juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara, hakuna faiba, yaani waya wa intaneti, inayopita mlangoni kwa mtu. Mkongo wa Taifa, ile njia kuu ya nyaya za intaneti nchini, umefika mkoani, lakini kutoka hapo hadi kijijini intaneti yetu inakuja kwa hewa, kutoka mnarani. Ukilipia huduma ya nyumbani unalipia mnara mmoja: umbali wake, umeme wake, na watu wote wanaougombania pamoja na wewe. Ndiyo maana mtu wa Masasi anaweza kuusifia mtandao fulani kwa moyo mweupe, na wewe ukiuweka kwako Kitangari ukalia.

Nimejifunza hili kwa hasara. Mwaka 2021 nilipoacha kazi Dar es Salaam na kurudi nyumbani Newala, nilipita duka la kampuni moja kununua ruta, kile kifaa kinachopokea intaneti na kuisambaza ndani ya nyumba. Dada wa dukani akaniuliza naenda wapi, nikasema Mtwara. "Mtwara tupo, baba, kasi ni ile ile." Na kweli wapo, Mtwara mjini. Kijijini kwetu, zaidi ya kilomita mia moja kutoka mjini, mnara wao ulikuwa wa kupigia simu na kutuma meseji tu. Ruta ilikuwa imefungwa, haipokei laini ya mtandao mwingine, na mkataba ulikuwa wa miezi 12. Nilikuwa nimeshawaahidi watu wa vikundi vya wakulima kwamba nitawaandikia mahesabu yao na kuyatuma kila wiki. Nikawa napanda pikipiki hadi Newala mjini na kompyuta mgongoni ili nitume faili moja. Miezi mitatu.

Kwa hiyo dukani usiseme mkoa, usiseme wilaya. Taja kijiji na kitongoji, na uulize mambo haya kabla hujatoa pesa: mnara wa karibu na pale una 4G? Ruta hii inakubali laini ya mtandao wowote? Nikiirudisha ndani ya wiki moja kwa sababu haishiki, narudishiwa pesa? Wakisitasita kwenye hilo la mwisho, nunua ruta isiyofungwa hata kama bei yake imezidi kidogo. Ruta isiyofungwa inakuacha huru siku mtandao mwingine utakapoweka mnara bora karibu nawe.

Sasa upimaji wenyewe, na hapa naomba usiwe na haraka. Kusanya laini za mitandao yote inayopatikana kwenu. Nchini tuna Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL na Yas, ambayo wengi wetu bado tunaiita Tigo. Huna haja ya kuzinunua zote, azima kwa majirani, kila mtu huku ana laini mbili. Weka moja moja kwenye simu ya Android yenye 4G, kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utafute hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele na herufi dBm nyuma. Vile vijiti vya juu ya kioo usivitegemee, kila simu huvichora kwa kipimo chake. Namba ndiyo inayosema kweli.

Namba ikiwa karibu na sifuri zaidi, mawimbi ni mazuri zaidi. Kwa 4G, ukipata -85 umebarikiwa. Kwenye -100 utafanya kazi, polepole lakini utafanya. Ukifika -115 video itaganda na simu ya WhatsApp itakatika katikati ya sentensi. Na kila namba 3 unazosogea kuelekea sifuri ni kama nguvu imeongezeka mara mbili, kwa hiyo kutoka -110 hadi -95 mawimbi yameongezeka mara thelathini hivi. Ndiyo maana kusogea hatua chache kunaweza kubadilisha kila kitu.

Zunguka nyumba. Sebuleni, chumbani, barazani, nyuma ya jiko, chini ya kila dirisha. Andika kwenye daftari. Mimi sebuleni nilipata -112, na nilipotoka nikasimama pembeni ya tangi la kuvunia maji ya mvua, upande wa magharibi, nikapata -97. Nyumba yangu ni ya tofali za saruji na bati, na bati ni adui mkubwa wa mawimbi. Mikorosho nayo haina huruma. Haipukutishi majani yote kwa pamoja, na yakilowa mvua yanazuia zaidi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwa hiyo ukipima Agosti na namba ikawa ya kubahatisha, jua Januari itashuka.

Halafu pima kasi, na upime kwa saa tofauti. Saa kumi na mbili asubuhi mnara hauna mtu, utaona maajabu. Rudia saa mbili usiku, watu wamekula na kila mmoja ameshika simu. Ile ya saa mbili usiku ndiyo kasi utakayoishi nayo. Kama unaweza kusubiri, subiri hadi msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba minada ikianza, vijiji vyetu vinajaa: wapakiaji, madereva, wafanyabiashara, na pesa zikiingia kwenye akaunti za wakulima kila mtu anaunga bando. Baada ya kuachana na ile ruta ya Dar, mtandao niliouchagua kwanza ulinipa megabiti 14 kwa sekunde mwezi wa saba. Novemba usiku ulikuwa haufiki 2. Wa pili, ambao mwezi wa saba ulikuwa na 9 tu, Novemba ulibaki kwenye 6 au 7. Huo wa pili ndio ninaoutumia mpaka leo.

Usichanganye megabiti na megabaiti. Kasi hutajwa kwa megabiti, bando huhesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kasi ya megabiti 8 inakushushia megabaiti moja kwa sekunde. Kwa familia ya watu wanne wasio na televisheni ya intaneti, megabiti 5 zisizotetereka zinatosha kabisa, kuliko 20 zinazokuja na kuondoka.

Kuna jambo moja la sisi tunaoishi ukingoni. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unauona Mto Ruvuma chini, na ng'ambo ni Msumbiji. Simu nayo inauona mnara wa ng'ambo. Binti yangu aliwahi kuamka asubuhi akakuta ujumbe wa kukaribishwa nchi ya watu naye hajatoka kitandani, na salio limekwisha. Zima huduma ya kutumia mtandao wa nje (roaming) kwenye simu na kwenye ruta, na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuacha kifaa kijichagulie.

Ukishapata sehemu nzuri, swali ni namna ya kuleta mawimbi ndani. Ruta ya kawaida ukiiweka dirishani upande unaotazama mnara, mara nyingi inatosha. Kwangu haikutosha, nikanunua ile ya nje, kisanduku cheupe kinachofungwa juu ya bomba na laini inakaa humo humo. Fundi alisimamisha bomba la futi 20 pembeni ya tangi, mimi chini na simu mkononi iliyounganishwa na kisanduku, yeye juu anakigeuza kidogo kidogo. "Baba, sema!" Nami nasoma namba: tisini na tatu, tisini, themanini na sita, themanini na nne, hapo hapo usiguse! Akakaza nati. Kutoka juu unashuka waya wa ethaneti mmoja unaobeba umeme na data kwa pamoja, na waya huo unaweza kwenda hadi mita 100 bila shida. Ukitumia antena ya nje na ruta ya ndani, ule waya wa antena unakula mawimbi kwa kila mita, ufanye mfupi uwezavyo.

Bomba la chuma juu ya uwanda ni mwaliko kwa radi. Fundi afukie waya wa kuingiza umeme wa radi ardhini, na mawingu yakianza kunguruma chomoa ule waya unaoingia ndani. Usisubiri.

Busta, yaani vifaa vya kukuza mawimbi, za bei rahisi zinazouzwa kwa siri usizinunue. Nyingi huvuruga mnara kwa kijiji kizima, na kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

Kuhusu bando sina maneno mengi. Hesabu matumizi yako ya wiki moja kwa simu kabla ya kulipia la mwezi. Video ya ubora wa juu inaweza kula GB 3 kwa saa, ya ubora wa kawaida haifiki GB 1. Na ukiambiwa bando halina kikomo, uliza baada ya GB ngapi kasi inapunguzwa na inashuka hadi ngapi. Waandike jibu kwenye risiti.

Umeme ndio watu wengi wanausahau. Ruta yangu imeandikwa volti 12 na ampea 1, yaani wati 12 ikizidi sana. Betri ya sola ya volti 12 yenye ampea-saa 50, hata ukitumia nusu yake tu, inaiendesha mchana na usiku mzima. Usiiunge moja kwa moja, maana jua likiwa kali volti za betri zinapanda juu ya 14. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti, mafundi wa sola wanacho. Lakini ruta yako kuwaka haisaidii kama mnara umezimika. Siku umeme ukikatika, angalia saa. Mnara mmoja kwetu hufa baada ya muda mfupi, mwingine una jenereta na tunasikia likiunguruma usiku. Hilo nalo lilinisukuma kuelekea kwenye mtandao wa pili.

Naulizwa sana kuhusu intaneti ya setilaiti, hasa kwa sababu Msumbiji wana huduma hiyo ya kampuni ya Starlink tangu 2023 na vifaa vinaonekana ng'ambo. Kwa nyumba isiyoona mnara wowote, setilaiti ni mkombozi wa kweli. Ila zipo za aina mbili. Za zamani zinakaa kilomita karibu 36,000 juu, na maneno yako yanachukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, kwa hiyo mazungumzo ya video yanachosha. Mpya zinapita chini, kilomita 550 hivi, na hapo hutahisi ucheleweshaji. Kabla ya kununua, uliza TCRA kama mtoa huduma ana leseni ya kuhudumia Tanzania. Usivushe dishi Ruvuma kwa mtumbwi. Likizimwa au likikamatwa, pesa yako imekwenda na huna pa kulalamika.

Na kijiji kisicho na mnara kabisa kisikate tamaa. Kuna UCSAF, yaani Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006 kwa ajili ya maeneo ambayo kampuni peke yake haziendi. Serikali ya kijiji iandike barua ipitie halmashauri, na itaje idadi ya kaya, shule na zahanati.

Jambo la mwisho nililomsisitizia shemeji ni laini ya akiba ya mtandao mwingine, yenye bando dogo, ikae kwenye droo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Wakati ule laini yangu kuu ililala kabisa. Ile ya akiba ilikuwa inakohoa, lakini ilipitisha barua pepe, na binti yangu anayesoma Chuo Kikuu Huria alituma kazi yake saa sita kasoro usiku.

Jana shemeji amenitumia picha ya ukurasa wa daftari. Mitandao minne, vyumba vyote, asubuhi na usiku. Bora kuliko zote ni -91, nyuma ya jiko, na sio ule mtandao aliokuwa anautaka. Amekwisha agiza bomba. Jumamosi naenda kumshikia simu chini wakati fundi anageuza.