Tohara na Sabato kwa Waothodoksi wa Ethiopia

Ndugu, umeuliza kama Waothodoksi wa Ethiopia wahesabiwe kuwa nusu Wayahudi, kwa kuwa huwatahiri watoto wao wa kiume, huiheshimu Jumamosi na hawali nguruwe. Wajesuiti, watawa wa Kanisa Katoliki, waliwatilia shaka hiyohiyo katika karne ya 16, na Mfalme Gelawdewos akawajibu kwa maandishi mwaka 1555. Tohara, alieleza, ni desturi ya nchi tu, kama watu wa Ethiopia na Nubia wanavyochanjwa chale usoni. Sabato nayo hawaishiki kama Wayahudi, ambao siku hiyo hawateki maji, hawawashi moto wala hawaoki mkate, bali Waethiopia huiadhimisha kwa ibada na karamu ya upendo. Kuhusu nguruwe, anayekula hachukiwi na asiyekula halazimishwi.

Hata hivyo, nisingeyachukua maelezo hayo kuwa picha kamili, kwa sababu mfalme alikuwa akijitetea mbele ya wageni waliotaka Kanisa lake liitii Roma. Tangu karne ya 14 suala la Sabato lilikuwa limewagawa watawa wenyewe: wafuasi wa mtawa Ewostatewos waliishika Jumamosi pamoja na Jumapili, wakatengwa kwa ajili hiyo, mpaka Mfalme Zara Yaqob alipowaunga mkono katika mkutano wa Debre Mitmaq mwaka 1450. Kwa hiyo Sabato, tofauti na tohara, ilikuwa fundisho lililopiganiwa ndani ya Kanisa lenyewe, na neno «Uyahudi» halielezi lolote kati ya hayo mawili.