Maliza tu cha tatu

Dada wa Nakuru, unauliza kama usome Ancillary Mercy, kitabu cha tatu cha mfululizo wa riwaya za anga za juu za Ann Leckie, ilhali cha pili kilikuchosha, chai nyingi vita kidogo. Soma. Ila ukingoja himaya nzima ya Radch iporomoke, utakasirika kama wengi walivyokasirika. Anaander Mianaai, yule mtawala mwenye miili chungu nzima inayopigana yenyewe kwa yenyewe, hamalizwi. Vita vinaendelea huko kwingine, sisi tunabaki mfumo mmoja wa nyota, Athoek, na kituo chake cha angani.

Mimi hilo halikunisumbua. Breq, mhusika mkuu, alikuwa meli ya anga yenye akili yake kabla ya kubaki na mwili mmoja, na tangu kitabu cha kwanza, 2013, swali ni nani anayehesabiwa kuwa na uzito mbele ya wakubwa. Hiki cha 2015 kinalijibu kwa hoja ya mkataba zaidi kuliko kwa bunduki. Rafiki yangu hapa Kisumu anasema huo ni ujanja wa wakili. Haya, lakini huo mkataba na Presger, viumbe wageni wanaoogopwa na binadamu, tumekuwa tukitajiwa toka mwanzo, haukuchomolewa mfukoni dakika ya mwisho.

Halafu yuko Zeiat, mjumbe wa hao Presger, anayebugia sosi ya samaki kama uji. Hata sisi wa ziwani hatujafika huko! Nilicheka ndani ya matatu ya Kondele mpaka kondakta akanigeukia. Mambo ya Breq na Seivarden, afisa wake, ndiyo yaliyonichosha, yanazungushwa mno. Ukikwama kurasa za mwanzo, vumilia mpaka Zeiat atie mguu kituoni.