Mdudu amerudi kwenye makohozi: nimeze tena antibiotiki?

Swali: Daktari, nina miaka 58 na nina bronkiektasisi (njia za hewa za mapafu zilizotanuka) ya muda mrefu. Karibu kila siku makohozi yangu ni ya kijani. Maabara wameotesha mdudu anayeitwa Pseudomonas, hii ni mara ya tatu. Kila mara nameza antibiotiki ya siprofloksasini, napata nafuu, kisha anaonekana tena. Kwa sasa sijazidiwa, ila nimeambiwa ipo dawa ya mitishamba ya kusafisha mapafu. Nifanyeje atoke kabisa?

Jibu: Kama hali yako ni ileile ya siku zote, usimeze chochote kwa ajili ya karatasi ya maabara.

Pseudomonas akionekana mara ya kwanza tunajaribu kumng'oa, na wakati mwingine hung'oka. Akirudi mara ya tatu, huyo ameshafanya makazi. Njia za hewa zilizotanuka hazisukumi makohozi vizuri. Yanatuama, na bakteria hujifunika utando ambao dawa huupenya kwa shida. Dawa inawapunguza, ndiyo maana unapata nafuu, lakini njia zinabaki zimetanuka vilevile. Tunachotafuta sasa ni uzidiwe mara chache.

Hiyo rangi ndiyo inayonichosha kuliko yote. Ukijani unatokana na kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, na kwako ni wa kila siku, kwa hiyo peke yake hautuambii kitu. Tazama mabadiliko: kikohozi kuzidi, makohozi kuongezeka au kukolea kuliko ulivyozoea, pumzi kubana, uchovu, damu. Matatu kati ya hayo yakidumu saa 48 au zaidi, umezidiwa. Hapo toa makohozi yapimwe kabla ya kidonge cha kwanza, kisha utatibiwa, kwa kawaida siku 14. (Mwenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa mara nyingi hupewa siku 5 hadi 7. Msiazimane dozi!)

Sasa siprofloksasini. Kundi lake ndilo karibu pekee lenye vidonge vinavyomuweza Pseudomonas. Akishakuwa sugu kwavyo, zinabaki sindano za mshipani, mara nyingi kwa kulazwa. Halafu kuna watu wanaouza vidonge sita "vya kifua" kwa yeyote anayekohoa mbele yao. Dawa hiyohiyo huwagusa hata bakteria wa kifua kikuu: dalili zinatulia kwa muda, kipimo kinaweza kisiwaone, ugonjwa unachelewa kugundulika na mgonjwa anaendelea kuwaambukiza watu wa nyumbani. Inaweza pia kuchana kano ya kisigino, hasa kwa aliyevuka miaka 60 au anayemeza steroidi. Anayekuuzia bila kukuuliza hata swali moja hayajui haya, au anayajua na hajali.

Dawa ya kusafisha mapafu haipo, iwe ya majani au ya chupa. Wanaowafukiza wagonjwa kwa moshi ndio wabaya zaidi, maana moshi huzibana njia ambazo tayari ni mbovu.

Kinachosafisha ni kazi isiyo na mvuto wowote: kutoa makohozi kwa mbinu za kupumua ulizofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, dakika 10 hadi 30, mara moja au mbili kwa siku, hata siku unayojisikia mzima. Wagonjwa wengi wakisikia hivyo hunitazama kana kwamba nimewanyima dawa. Na hizo sirapu za kukata kikohozi achana nazo, zinafungia ndani kile tunachotaka kitoke.

Ukizidiwa mara 3 au zaidi kwa mwaka, muulize daktari wako kuhusu antibiotiki ya kuvuta kwa nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu), au azithromaisini ya muda mrefu. Hii ya pili haianzwi kabla ya kupimwa moyo, na makohozi kuchunguzwa kama yana bakteria wa jamii ya kifua kikuu.

Ukikohoa damu nyingi, au ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, usingoje majibu ya maabara. Nenda hospitali saa hiyohiyo.